Nani Kamnyoa?

Kosa langu la kwanza mbele ya Kinyozi lilihusu mkono wa muuaji. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, kitambaa cheusi kimefungwa shingoni, na kwenye kioo mbele yangu ilikuwa ikionekana filamu ya mtu anayewachoma wenzake visu katika mji wenye mvua isiyokatika. Benchi lilikuwa limejaa. Nilitaka watu wa benchi wajue kwamba mimi si mtazamaji wa kawaida, kwa hiyo nikasema kwa sauti: "Mwongozaji kampa muuaji mkono wa kushoto makusudi. Ni ishara. Anatuambia huyu mtu amepinda tangu ndani."

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi alizima mashine, akashika kiti kwa mikono miwili, akakizungusha mpaka nikatazamana na televisheni yenyewe, iliyotundikwa juu ya mlango nyuma yangu. Muuaji alikuwa ameshika kisu kwa mkono wa kulia, kama watu wengi.

"Umeona? Kwenye kioo kila mtu ni wa shoto," akasema. "Usijali, bwana mdogo. Mimi mwenyewe mwezi wa kwanza nilidhani Wazungu wote wako hivyo. Nikawa nawaonea kinyaa wanavyokula."

Alisema hivyo ili kicheko kitoke kwangu kihamie kwake. Wakati ule sikuelewa. Nilikaa wiki saba bila kurudi, nikijikata nywele mwenyewe kwa mkasi wa karatasi kule steshenari ninakofanya kazi, na kila nilipokumbuka ile siku niliitunga upya kichwani sentensi ambayo ningepaswa kusema. Ndivyo nilivyo. Hata barua ya mteja ya kuomba ruhusa naichapa mara tatu. Mambo ya filamu nimejifundisha mwenyewe kwa simu, bila mwalimu, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi akiisubiri siku atakayogundulika.

Nywele zangu zilipokuwa aibu kuliko ile aibu yenyewe, nikarudi. Kinyozi hakuuliza nilikuwa wapi. Alikitazama kichwa changu muda mrefu, akapitisha kidole mahali nilipokosea, akasema, "Huyu aliyekunyoa ana ugomvi na wewe."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya gereji moja hapa Karatu mjini, upande ambao magari ya watalii huoshwa kabla ya kupanda Ngorongoro. Soketi ilikuwa moja tu, juu ya mlango, ndiyo maana televisheni ikakaa pale, na waya wa mashine ukaning'inia kutoka hukohuko. Watu wa benchi la ukutani waliiona filamu moja kwa moja. Mwenye kichwa, na Kinyozi aliyesimama nyuma yake, waliiona kwenye kioo. Kwa hiyo mtu yule, kwa zaidi ya miaka kumi, alitazama kila filamu ikiwa imegeuka. Maandishi ya chini hakuweza kuyasoma kwa sababu yalikwenda kinyumenyume. Sauti ilimezwa na mashine. Akabaki na kitu kimoja alichokijua kuliko sisi wote.

"Maandishi yanageuka," alikuwa akisema. "Nywele hazigeuki."

Ikija filamu ya mtu aliyefungwa peke yake miaka kumi na miwili, mlango wa chuma unafunguliwa, mfungwa anatoka akikunja uso kwa ajili ya jua, muziki unapanda, benchi limeshika pumzi. Kinyozi anainua mashine kutoka kwenye kichwa cha mteja, anasogea karibu na kioo, anauliza kwa upole kabisa: "Nani kamnyoa?"

Ukitazama vizuri, kweli, ndevu zimechongwa mstari. Filamu imekufa hapohapo. Hakuna aliyeweza kumlilia tena yule mfungwa.

Wapiganaji wamepotea jangwani siku arobaini, wanakunywa jasho lao: "Nani kawanyoa? Ngamia?" Mwanamke katoka kulima kwenye filamu ya hapahapa nchini, jembe begani, kucha ndefu nyekundu, nywele zimesukwa za jana: "Shamba gani hilo lina saluni?" Siku moja iliwekwa filamu ya wanyama, simba dume kasimama juu ya jiwe, manyoya yanapeperuka. Dereva mmoja wa watalii aliyekuwa kwenye kiti akacheka kabla Kinyozi hajasema neno. "Mzee, huyo kachanwa. Wa bondeni kule tunaowaona sisi wana majani na damu mpaka masikioni."

"Sasa umeanza kuona," Kinyozi akamwambia, kwa furaha ya mtu aliyempa mwenzake zawadi.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba ni utani wa kazi, kama fundi viatu anavyotazama miguu. Halafu siku moja Shekhe alimbana. Shekhe ni mwenye duka la vitambaa karibu na stendi. Tulimwita hivyo ingawa hakuwahi kumsalisha mtu. Alipenda filamu za Kihindi na alilia bila kuficha. Siku hiyo kwenye filamu mama mmoja alikuwa amefiwa na mwanawe.

"Kinyozi, wewe huna moyo," Shekhe akasema kutoka kwenye kiti, povu limemjaa kidevuni. "Mama wa watu anafiwa, wewe unachungulia nywele."

"Shekhe, anafiwa na nywele zimepigwa pasi. Kwenu mtu akifiwa anapitia saluni kwanza?"

"Kwetu mtu akifiwa hatumtazami kichwa!"

"Tulia, nina wembe shingoni kwako."

"Basi mama kanyolewa vibaya. Nimekubali. Wote mmesikia nimekubali."

Benchi likacheka, na Kinyozi akacheka. Lakini alipomaliza kidevu cha Shekhe, akifuta wembe, alisema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Mimi siwacheki. Ila ukiona mtu kapendeza katikati ya shida, ujue kuna mwingine kamshughulikia, halafu huyo mwingine katolewa kwenye picha. Mimi namtafuta huyo."

Hapo ndipo nilipoanza kumwonea wivu. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi za watu wanaochambua filamu, nimekariri maneno yao, na sikuwahi kuwa na wazo moja zuri kama lile. Yeye alilipata huku anafuta wembe.

Alikuwa na sheria zake. Mwenye kichwa ndiye mwenye neno la kwanza: hata benchi likiwa na mwalimu, mwenyekiti wa mtaa na mchungaji, aliyekaa kwenye kiti ndiye alisema kwanza filamu aliyoiona wiki ile ilikuwaje. Muuza vitunguu kutoka Mang'ola alisema kwa dakika kumi, na mwalimu akasubiri. Hakupenda mtu aseme maoni ya filamu ambayo hajaiona. "Hiyo ni kama kunusa chakula cha jirani halafu unasifu chumvi," alisema. Aliniangalia? Sidhani. Lakini kila alipolisema nilihisi ananiangalia.

Umeme ulipokatika, jambo la kawaida kwetu, mteja alibaki nusu kichwa na filamu ikabaki nusu. Kinyozi hakuruhusu watu waanze kulalamika. Alivuta kiti chake cha plastiki mlangoni penye mwanga, akasema, "Haya, malizeni wenyewe." Basi watu wakaimaliza filamu kwa mdomo. Mmoja anamuua mhalifu, mwingine anakataa, mama mmoja aliyekuja kunyolewa kipara anamwozesha mhalifu huyohuyo. Umeme ukirudi, Kinyozi alitazama mwisho wa kweli kwa sekunde chache, akatikisa kichwa. "Ya kwenu ilikuwa bora."

Ukweli ni kwamba miisho mingi hakuiona. Kichwa kikiisha, lazima afagie, akung'ute kitambaa, aite mwingine. Kwa hiyo alitegemea kusimuliwa, na aliamini chochote. Shekhe aliwahi kumdanganya kwamba jambazi mmoja wa filamu alitubu akafungua duka la mchele. Kinyozi aliisifu ile filamu mwaka mzima. "Ndiyo muvi pekee ambayo mtu kabadilika kwa kazi, si kwa maneno," aliwaambia wateja. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mtu huyohuyo, ambaye ndevu za mfungwa hazikuweza kumdanganya, alidanganywa na sentensi moja ya rafiki yake.

Na alipaka nywele rangi. Nyeusi tii, mpaka kwenye ngozi ya paji la uso. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza, "Mzee, na wewe nani kakupaka?" Benchi likacheka, yeye hakucheka. Alisema tu, "Inamisha kichwa." Tena kuna jambo ambalo sote tulilijua na hatukulitaja: mtoto akianza kufa kwenye filamu, Kinyozi alikumbuka kwamba kitambaa kina nywele, akatoka nje kukikung'uta. Kitambaa kilikuwa safi. Alikikung'uta mpaka mtoto afe, ndipo akarudi. Sikujua kwa nini, na sikuuliza. Kazi yangu, kama nitakavyoeleza, ilikuwa kuchukua maneno yake. Kumuuliza habari zake hakukuwa sehemu ya kazi hiyo.

Nilianza kuyachukua chini ya kitambaa. Mtu akinyolewa mikono yake haionekani. Yangu ilikuwa na simu, na vidole viliandika bila macho: ngamia, shamba lenye saluni, wa kutolewa kwenye picha. Mara moja kitambaa kilitikisika, Kinyozi akaona mwanga wa simu.

"Msalimie huyo binti," akasema.

"Zimefika, mzee," nikajibu.

Nilifungua ukurasa wangu mtandaoni wa maoni ya filamu. Mwanzoni niliyasafisha maneno yake. Niliandika, "Ni nani aliyemnyoa mfungwa huyu?" nikaweka nukta na mkato mahali pake. Watu wanne waliipenda, mmoja akiwa mama yangu mdogo. Nikaisoma tena na tena kutafuta kosa. Wiki iliyofuata, kwa kukata tamaa, nikaandika kama alivyosema yeye: Nani kamnyoa? Simu haikunyamaza siku mbili. Hapo nikajifunza kwamba usahihi wangu ndio uliokuwa unaua kitu, na somo hilo nikalitumia vibaya: nikaacha kuandika langu kabisa. Nikawa naandika ya kwake jinsi yalivyo, na chini naweka jina langu.

Nilikuwa na sababu. Niliogopa kuwa na maoni yasiyo sahihi mbele ya watu nisiowajua, na ya kwake yalikuwa yamekwisha kupimwa na benchi. Nilijiambia pia kwamba maneno ya kwenye saluni hayana mwenyewe, yanaruka kama nywele. Nilijiambia kwamba nitamtaja ukurasa ukikua. Ukurasa ukakua. Nikaubadilisha jina, nikauita Nani Kamnyoa. Redio moja ya mkoani ikaniita kwa simu niwe naongea kila Jumamosi, na mtangazaji alianza kipindi kwa kusema, "Tuko na kijana mwenye swali lake maarufu." Sikumrekebisha. Mimi ambaye narekebisha nafasi kati ya maneno kwenye barua za watu.

Kila mwezi niliendelea kwenda kunyolewa, na Kinyozi aliendelea kunipa.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali ya mwezi wa saba, mlango umefungwa nusu. Mimi nilikuwa kwenye benchi. Kwenye kiti alikuwa kijana mgeni, dereva wa watalii aliyehamia kutoka Arusha mjini, mwenye miwani ya jua juu ya kichwa mpaka Kinyozi alipomwomba aitoe. Filamu ilikuwa ya mtu aliyeishi msituni tangu utotoni, kalelewa na mbwa mwitu. Akatokea kwenye kioo akiwa mtu mzima, kifua wazi, kidevu laini kama yai.

Kinyozi akainua mashine. "Huyu sasa," akasema, "nani kamnyoa? Mbwa?"

Dereva akapiga kofi kwenye mkono wa kiti. "Aah, mzee! Hiyo si yako hiyo! Hiyo ni ya yule dogo wa mtandaoni, wa redioni Jumamosi. Mzee na wewe umeanza kuiba maneno ya vijana?"

Alisema kwa utani, hakuwa na ubaya. Hakujua kama mimi ndiye yule dogo. Lakini watu wengine wawili wa benchi walijua, na wakanigeukia. Shekhe alikuwepo. Naye alinigeukia, taratibu, kama mtu anayemsubiri mwenzake alipe.

Kinyozi hakugeuka. Alinitazama kwenye kioo. Sikuona hasira usoni mwake, nadhani alikuwa bado anapanga mambo kichwani: simu chini ya kitambaa, binti aliyesalimiwa, maneno ambayo wateja wapya walikuwa wakija nayo tayari midomoni. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema sentensi moja. Nimeshaitunga mara nyingi tangu hapo, ni fupi: Ni ya kwake, mimi ndiye niliyeichukua. Maneno sita.

Nilicheka. Nikasema, "Mzee ananifuatilia."

Benchi likacheka kidogo, bila nguvu. Shekhe hakucheka. Dereva akageuka kuniangalia, "Kumbe ni wewe! Dogo, unatisha!" na akataka tupige picha.

"Ndiyo," Kinyozi akasema. "Namfuatilia."

Akawasha mashine, akamaliza kichwa cha dereva vizuri sana, akampangusa shingo. Zamu yangu ilipofika alininyoa vizuri vilevile. Nilipotoka, nililetewa ombi la picha na watu wawili nje. Nikapiga.

Mwezi uliofuata televisheni ilikuwa inaonyesha mpira. Mwezi mwingine, nyimbo za kwaya. Watu walimuuliza muvi zimekwenda wapi, akasema flashi imeharibika. Shekhe alinisimamisha barabarani, mbele ya duka lake.

"Ile sio flashi iliyoharibika," akaniambia.

"Najua, Shekhe."

"Unajua. Mtu yule hana kitu kingine, kijana. Nyumbani hana wa kuongea naye, amebaki na binti tu, na binti yuko mbali. Alikuwa anaongea pale. Sasa akifungua mdomo anaogopa ataambiwa kaiba." Akarudi dukani kwake bila kuniaga.

Nilipanga kwenda kusema ukweli wiki hiyohiyo. Niliandika maneno ya kuomba radhi, nikayarekebisha. Yalikuwa marefu sana, nikayafupisha, yakawa kama salamu. Nilitaka yawe kamili. Nilipokuwa bado nayarekebisha, mwenye jengo alivunja vile vyumba ili ajenge ghorofa, na Kinyozi akauza kiti na kioo, akahamia kwa binti yake, njia ya kwenda Mbulu. Mwaka ukapita, na zaidi.

Nilimfuata mwaka jana, mbaazi zikiwa zimeanza kukauka shambani. Nilimkuta kwenye ua, amekaa kwenye gogo, anachonga mpini wa jembe. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, bwana mdogo. Za mjini?"

Aliniuliza habari za steshenari, za mama, za mvua. Binti yake, mwanamke wa rika langu mwenye sauti ya kucheka, akaniletea chai ya maziwa. "Karibu kaka, jisikie nyumbani." Nikashika kikombe, nikasema kabla woga haujanizuia.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya yale maneno. Nilikuibia. Nataka niandike kwenye ukurasa na niseme redioni kwamba yalikuwa yako. Yote."

Aliinua mpini, akaufumbia jicho moja kuona kama umenyooka.

"Uandike, halafu watu waseme nini?"

"Waujue ukweli."

"Watasema, kijana ana adabu, kamkumbuka mzee. Watakupenda zaidi. Na mimi nitakuwa mzee aliyekumbukwa." Akaendelea kuchonga. "Acha."

"Basi nifanye nini?"

"Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa. Kupitia dirishani niliona televisheni sebuleni, kubwa kuliko ile ya zamani. Nilitaka kitu chochote, hata kidogo, kituonyeshe kwamba bado tunaweza kuongea kama watu wa benchi. "Unaangalia muvi siku hizi, mzee?"

Akatupa jicho kwenye simu iliyokuwa juu ya goti langu. Nikaitia mfukoni.

"Mara mojamoja."

"Ya mwisho umeona ipi?"

"Nimesahau."

Binti yake alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Akacheka. "Baba! Jana si umeongea mpaka mboga ikaungua? Yule askari na mke wake? Kaka, huyu mzee katuchekesha mpaka mbavu zinauma. Mwambie, baba, mwambie ulivyosema."

Kinyozi hakuinua kichwa. Vipande vya mti vikaendelea kuanguka kati ya miguu yake.

"Hayo yalikuwa ya nyumbani," akasema.

Binti akanitazama, akamtazama baba yake, akarudi ndani na chupa yake. Nilimaliza chai nikaaga. Kinyozi aliweka mpini chini, akanisindikiza mpaka barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni, akasubiri pikipiki pamoja nami, na akaniombea safari njema.

Tangu siku ile ukurasa nimeufunga. Redioni niliwaambia siendi tena, hawakuuliza sababu, na Jumamosi iliyofuata waliweka mtu mwingine. Mtu akiniuliza filamu fulani ikoje, namjibu kile nilichokiona mwenyewe. Mara nyingi ni kidogo.